Moto wa Ziwani Haukumjua Ogdo

Ogdo alikamua ng'ombe miaka arobaini na mitatu, na hakuna asubuhi hata moja aliyokunywa chai kabla ya kuulisha moto. Kipande cha chapati chenye siagi kiliingia motoni kwanza, yeye akala baadaye. Huko Yakutia, kwenye baridi kali ya Siberia, moto ni mtu wa nyumbani. Ukiunyima, nao unakunyima.

Lakini ardhi ya kwake, iliyoganda tangu kabla ya mababu wa mababu, ilikuwa inalainika. Uwanja ulididimia. Ukuta wa ghala la chini ya ardhi ulivuja maji, na ndani yake zikachomoza nyasi za enzi za joto la kale, rangi bado zinayo, zikinuka kama zizi. Binti yake wa mjini alimbembeleza ahamie kwake mpaka akachoka. Ogdo alimjibu kwamba atauuliza moto.

Ziwa lilipoganda alikwenda na shemeji yake Bahilai kukata barafu ya kuyeyusha maji ya kunywa. Mapovu meupe yalikuwa yamepangana ndani ya barafu kama sahani kabatini.

"Shemeji, ziwa lako linakoroma kukushinda," Bahilai alisema.

"Piga mtaimbo wewe. Mdomo ungekata barafu, tungekuwa tumeshamaliza."

Ogdo akawasha moto mdogo wa kuomba ruhusa, kama ilivyo ada, akapiga magoti. "Bibi Moto, mume wangu nimemzika hapa. Nikae au niondoke?"

Mtaimbo wa Bahilai ukatoboa barafu kando ya moto huo. Kitu kikashusha pumzi ndefu huko chini, kisha mwali ukasimama juu ya maji, mrefu kuliko mtu, bila ukuni hata mmoja. Bahilai akaenda chali, nyusi zimeungua.

"Ni hewa ya nyasi zilizooza, shemeji," alisema akijifuta uso. "Zililala huko chini, sasa zinaamka. Usije ukasema umejibiwa."

Ogdo akautupia chapati. Ikaelea, na mwali ukaendelea kuwaka juu yake bila kuigusa. Hapo hofu ikamwingia mifupani. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuona moto uliokataa mkono wake.

"Huu haunijui," alisema taratibu. "Tena haumhitaji mtu."

Jioni akampigia binti yake simu. "Hapo kwako mnapikia umeme, siyo?"

"Ndiyo, mama. Kuni hakuna."

"Afadhali. Njoo unichukue."

Asubuhi alikunywa chai, na moto hakuupa kitu.