Sombe ya Balkoni

Jumapili moja, saa tisa mchana, mjomba wa mchumba wangu alipiga magoti mbele ya friji yangu, akaikumbatia, akaanza kulia huku akiiita "Aaron".

Aaron alikuwa mdogo wake. Alikufa miaka mingi iliyopita.

Cheka tu kama unataka. Hata mimi ningecheka, kama nisingekuwa mtu pekee mle ndani aliyejua kwa nini.

Naitwa Guylain, mzaliwa wa Bukavu, mkazi wa Ixelles, hapa Ubelgiji, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Nina hasira za karibu na kiburi cha bure, na napenda sana kuonekana mtu safi. Nitasimulia yote kama yalivyokuwa. Mkimaliza, mnitukane.

Kiwanda cha magari cha Forest kilipofungwa, nilikuwa nimekitumikia miaka kumi na mmoja. Usingizi ukanikimbia. Nilikuwa nalala chali nikihesabu milango niliyowahi kuifunga boliti, mpaka kunakucha.

Mwenzangu wa kiwandani, Jean-Marie, akaniletea mche kwenye kopo la mtindi.

"Mti moja tu, muntu mukubwa, mu nyumba yako," akaniambia. "Hapa hakuna mwenye atakusumbua."

Hakusema kwamba ni halali, kwa sababu si halali. Sheria ya bangi hapa Ubelgiji ni kama mlango ulioegeshwa: haujafungwa, haujafunguliwa. Ukikutwa na kidogo, mara nyingi polisi wana mambo mengine ya kufanya. Lakini wakiamua kukushughulikia, wanakushughulikia.

Nikaupanda kwenye ndoo, balkoni, nyuma ya pazia. Ukakua mpaka kifuani. Jioni navuta kidogo, nalala kama binadamu.

Sikumwambia mtu. Kwetu mvuta bangi ni chizi au ni jambazi, hakuna wa tatu. Na zaidi ya wote, sikumwambia Laetitia.

Laetitia ndiye mchumba wangu. Familia yao ni ya Lubumbashi, yeye anatunza wazee majumbani. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho la ndoa yetu lilikuwa mkononi mwa mjomba wake, Tonton Constant. Akisema ndiyo, tunaoana. Akisema hapana, nimekula hasara.

Jumapili hiyo ya mwezi wa tisa ndiyo alikuwa anakuja kuona nyumba, yeye na dada yake Maman Mbombo, mama mzazi wa Laetitia.

Wiki tatu kabla, mama yangu, Maman Mauwa, alikuwa amefika kutoka Bukavu kwa viza ya miezi mitatu, kutibiwa macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alikuwa ananitambua kwa sauti kuliko kwa sura.

Pamoja na hayo, alikataa katakata niagize chakula nje.

"Bakwe bakuye kula chakula ya kununua? Unataka kunichekesha?"

Nikamletea kutoka Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, pakiti mbili za sombe ya barafu, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, na mawese, karanga na ndagala, yaani dagaa. Asubuhi nikaenda kanisani, yeye nikamwacha jikoni.

Saa saba wageni wakaingia. Tonton Constant alivaa suti ya kijivu. Mtu wa watu, mzee wa kanisa, sauti ya mahubiri hata akiomba chumvi. Tukasali, tukala. Laetitia hali sombe tangu utotoni, tumbo lake halipatani nayo, akachukua wali na kuku, nami nikala kama yeye; mama alikuwa bado anahudumia wageni, hajaonja kitu. Tonton alikula kwa wawili.

"Iko muzuri sana, Maman," akamwambia mama. "Iko na ladha, na goût fulani... donc, njo ya kwetu kabisa."

Mama akafurahi, akamsogezea bakuli.

Nikaenda jikoni kuchukua maji. Akanifuata, akanishika kiwiko, ananong'ona huku anacheka.

"Weye mutoto, ulinificha! Ulipanda sombe ku balkoni na hauniambie? Ile ya barafu ilikuwa kidogo. Nikaenda kupapasa kule nyuma ya rideau, nikachuma yote. Na bile bichwa bya juu, byenye biko laini, byote niliweka. Harufu iko ingine kidogo, nikasema bon, njo sombe ya kwa Bazungu."

Nikashika sinki kwa mikono miwili.

Majani matupu yangekuwa afadhali. Vile vichwa vya juu ndivyo bangi yenyewe. Na vilikuwa vimechemka ndani ya mawese saa tatu nzima.

Sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nilikuwa na hatua sita mpaka mezani. Ningeweza kusema, "Jamani, tusile hii, ndagala zimeharibika." Uongo mdogo tu. Wangeacha.

Nikarudi na jagi la maji, nikakaa. Tonton alikuwa anajipakulia sahani ya pili.

Nikajiambia: labda haitafanya kitu.

Mazungumzo nayo yakaenda kule kule ambako sikutaka yaende. Tonton alikuwa amesikia mjadala redioni, kama serikali iruhusu bangi au iendelee kuikataza.

"Banataka kuiuzisha mu pharmacie kama aspirine!" akasema, kijiko hewani. "Inchi imekwisha."

"Tonton, chini ya building yetu banaiuza kila siku," Laetitia akajibu. "Hawaulize batoto carte d'identité. Kama haiko État, serikali, ndiyo inaiuza, ni ba bandits."

"Na kama État inaiuza, itageuka kuwa dawa? Miye sina kusoma mu magazeti. Mudogo wangu Aaron alianza kuivuta Lubumbashi, eko na miaka kumi na tisa. Alipotea bichwa. Tulimufunga kamba mu nyumba ya mama yetu, Laetitia. Kamba! Alikufa anatuita banyama."

Hata Laetitia akainamisha kichwa. Sikuwa najua habari za Aaron.

Tonton akafuta mdomo, akanigeukia. "Alors, beau, mukwe wetu. Weye unasema nini?"

Macho yote kwangu. Sahani yake ilikuwa imebaki robo.

"Ni mubaya, Tonton," nikasema. "Ni kitu mubaya sana."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamalizia ile robo.

Saa tisa kasoro akaanza kucheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. Akasema moyo wake unakimbia, akasema kuta zinasogea. Akasimama kwenda kunywa maji, akafika kwenye friji, akapiga magoti, akaikumbatia.

"Aaron, unisamehe! Unisamehe kamba, Aaron!"

Maman Mbombo alijaribu kumwinua, naye akayumba, akaanguka kwenye kochi. Akatazama mikono yake kama si yake. Kisha akamtazama mama yangu.

"Batu ba Bukavu," akasema polepole. "Balinionya. Balinionya, nikakatala! Balitukulisha poison!"

Laetitia akapiga simu ya dharura.

Hospitalini, sauti ya Tonton ilikuwa inatokea nyuma ya pazia la chumba cha wagonjwa wa ghafla. "Ninapotea bichwa! Niko kama Aaron! Banifunge!" Mtu wa miaka sitini na minne analia kama mtoto, moyo unapiga mpaka ile mashine inalalamika.

Daktari, mwanamke mwembamba mwenye haraka, alikuja kwangu mara mbili. Walikula nini? Majani gani hasa? Kuna dawa yoyote, kuna kitu chochote?

"Sombe," nikajibu. "Majani ya muhogo."

Mara mbili nikajibu hivyo. Mbele ya Mungu.

Maman Mbombo walikuwa wameshampima, yeye alikula kidogo. Akaja kwenye korido akishikilia ukuta, akasimama mbele ya kiti cha mama yangu.

"Mulozi."

Mama alikaa wima, mkoba mapajani, macho yale yasiyoona vizuri yanatafuta sauti inatokea wapi. Akanigusa mkono.

"Guylain, ni ndagala? Zilikuwa mubaya? Niliweka nini, mutoto wangu?"

Nikamwinamia sikioni. Nikamwambia ile haikuwa sombe, ilikuwa bangi, na ni yangu.

Hakushtuka. Alinipapasa uso kuanzia kipaji mpaka kidevu, kama alivyokuwa akifanya tangu afike. Nilidhani atanipiga.

Polisi wawili wakaingia. Maman Mbombo ndiye aliyewaita. Mmoja alikuwa na daftari, akauliza nani alipika.

Mama akasimama kabla yangu.

"Ni miye. Ile majani nilikuya nayo toka Bukavu, mu valise. Ni bangi. Ni dawa yangu ya mifupa, nikachanganya bubaya. Huyu mutoto wangu hajui kitu."

Yule polisi hakuelewa hata neno. Akamwomba Laetitia amtafsirie.

Laetitia hakumtazama polisi. Alinitazama mimi.

"Guylain," akasema. "Nitafsiri?"

Mwaka mzima wa uchumba hajawahi kuniita jina langu kwa sauti ile.

Nikatazama viatu vyangu.

Niliona vizuri kilichokuwa mbele yangu. Kuingiza bangi kwa ndege kutoka Afrika si jambo la ndoo moja ya balkoni. Ni jambo la gerezani, la kufukuzwa nchini, la macho kubaki bila kutibiwa. Na mama alilichagua kwa sekunde chache, ili mimi nioe.

Bado nikanyamaza.

"Passeport, madame," polisi akasema, akanyoosha mkono.

Hilo mama alilielewa. Akafungua mkoba, akapapasa ndani, akatoa kitu, akampa kwa heshima, kwa mikono miwili.

Ilikuwa kadi ya miadi ya daktari wa macho.

Hapo nikavunjika.

"C'est à moi," nikasema. "Ni yangu. Ilikuwa ku balkoni. Mama hakujua. Haone muzuri."

Nikasema yote, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa machozi. Daktari alisikia, akarudi mbio nyuma ya pazia bila kuniambia neno. Baada ya robo saa Tonton akaacha kupiga kelele.

Sasa sikieni ajabu.

Polisi waliniuliza: miti mingapi? Mmoja. Umri wako? Thelathini na sita. Unauza? Hapana. Kuna watoto nyumbani? Hapana. Wakaandika, tukaenda nyumbani, wakaondoka na ndoo yangu. Ile ndoo peke yake isingewachukua dakika kumi. Kwa kuwa watu walikuwa wameumia, faili likapelekwa kwa mwendesha mashtaka, na miezi miwili baadaye ikaja barua: onyo kali, faili limefungwa.

Kumbe hayo tu ndiyo yaliyokuwa yananikosesha pumzi.

Na Tonton Constant? Nilimfuata asubuhi yake hospitalini kupokea laana yangu. Alikuwa amekaa kitandani, mdogo ndani ya ile kanzu ya wagonjwa.

"Donc sikupotea bichwa?" akaniuliza. "Ilikuwa ile majani tu?"

"Majani tu, Tonton. Imeshatoka."

Akafunika uso kwa mikono, akalia kwa nafuu. Kisha akasema maneno ambayo sikuyategemea.

"Bangi nitaichukia mpaka nikufe, na kama banauliza, nitasema waikatalie. Lakini ulisema kweli mbele ya ba policiers, juu ya mama yako. Miye nimesamehe. Njo uoe mutoto wetu."

Siku hiyo hiyo akamlazimisha Maman Mbombo ampigie mama yangu simu na kumwomba radhi kwa lile neno. Nikasema Mungu ni mkubwa. Nimepona.

Jumatano, Laetitia akaniita uwanja wa Flagey, wakati wa mapumziko yake ya mchana. Tukakaa kwenye benchi karibu na bwawa. Alikuwa bado na sare ya kazi.

"Ile mti niliijua," akaanza. "Mwezi ya nane, ulienda formation, mafunzo ya kazi, kule Gand, siku kumi na mbili. Kulikuwa joto ya kuua. Nani unafikiri aliinyweshea maji?"

Nikageuka kumtazama.

"Sikukasirika. Nilikuwa naona haulale. Nilingojea uniambie." Akavuta pumzi. "Na ku hôpital, wakati maman alisema ni bangi, njo nikaelewa. Nikakupa nafasi. Kama usingesema, ningesema miye."

"Nilisema, Laetitia."

"Ulisema. Bon. Sasa niambie kitu moja. Ulijua toka saa ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema nilijua kule koridoni. Hakuna ambaye angebisha, mama yangu angekula kiapo. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, nikadhani ukweli ni kitu ambacho ukishakianza kinakulipa.

"Toka sahani ya pili ya Tonton."

Hakupiga kelele. Alihesabu kimya kimya, nilimwona midomo ikitembea.

"Ulimuangalia anakula," akasema. "Alitoka kutuambia juu ya Aaron, na weye ulimuangalia anamaliza. Kiisha ukaacha maman yako aitwe mulozi. Juu ya nini? Juu miye nisikuache." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Kama mama yako mwenyewe unaweza kumutoa sadaka, miye siku moja utanitoa juu ya nini?"

Nilitazama bwawa.

Akatoa ufunguo wa nyumba yangu kwenye pochi, akauweka juu ya benchi katikati yetu, akarudi kazini. Mabasi yalikuwa yanapita, watu wanakula viazi vyao. Nikakaa pale mpaka saa kumi.

Ndugu zangu, najua mtabishana huko chini kwenye komenti. Wa kuruhusu watasema: kama ingekuwa halali, isingefichwa nyuma ya pazia, na mama asingeichuma. Wa kukataza watasema: mwoneni Tonton. Bisheni tu, na bunge nalo libishe. Pande zote mbili zina watu wenye akili.

Lakini msinitafutie kisingizio huko. Hakuna sheria iliyoniambia ninyamaze pale mezani. Nilinyamaza mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, kwa sababu nilitaka nionekane mtu safi mbele ya wakwe.

Kama kuna kitu umekificha nyumbani kwako, mwambie leo yule unayeogopa kumpoteza. Huenda anakijua tayari, na anachosubiri ni wewe.