Gari Lisilo na Ukuta

Watengenezaji wa magari hawana mama wakwe. Hilo nililigundua katika duka la magari la Kitale, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, na mpaka leo sijapata sababu ya kubadili mawazo. Redio garini wanajua kutia. Saa wanajua, kisahani cha majivu ya sigara wanajua, hata mashine ya kupuliza joto miguuni. Lakini mwambie mmoja wao akuundie gari la mtu kumwendesha mama mkwe wake bila kumwona wala kuonwa naye, atakutazama kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Kwa asiye wa kwetu, nieleze. Sisi wa upande wa Bungoma, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Hamkai chumba kimoja, hampeani mikono, na likiwapo la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu. Wala si chuki. Ni heshima, na heshima ile niliipenda, maana niliwahi kuona wakwe wa makabila mengine wakigombana uso kwa uso sokoni. Nilikuwa nimeoa mwaka mmoja na nusu. Mama mkwe nilimjua kwa sauti, kwa kikohozi na kwa mwendo wake wa kuchechemea. Uso wake sikuujua.

Wakati huo nilikuwa dereva wa trekta katika shamba la mzungu nje ya Kitale, na mke wangu tulikaa naye huko huko shambani. Akajifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kiume, mdogo kiasi kwamba tulimlaza katika kikapu cha mayai na nafasi ikabaki. Mganga wa zahanati ya shamba alisema asipelekwe barabarani hata kidogo mpaka anenepe, na akasema hivyo bila kututazama machoni.

Habari zikafika Bumula kwa wakwe zangu. Mama mkwe alikuwa amezaa watoto watano. Wanne aliwazika kabla hawajatembea, na aliyebaki ndiye mke wangu. Alipoambiwa angoje mjukuu anenepe ndipo aletwe, alijibu kwamba kungoja anakujua, na kwamba wale wanne pia aliambiwa angoje. Alitaka kumwona huyu na kumshika, basi. Lakini magoti yake yalikuwa yamekwisha. Safari ya kwenda Kitale wakati huo ilikuwa ni kuparamia lori na kukaa juu ya magunia, na yeye hata kizingiti cha mlango alikivuka kwa kushika ukuta.

Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na maharagwe. Kwa miaka mingi alikuwa akiweka pesa za kujenga duka la matofali. Jumatatu moja akafika shambani kwetu, amekalia magunia tangu alfajiri, koti lake jeusi limekuwa jekundu kwa vumbi. Hata maji hakuomba.

"Mkwe wangu, vaa viatu," akaniambia. "Tunaenda kununua gali."

"Na duka, baba?"

"Duka ritangoja. Mama yenu hawezi."

Nilisikia moyo ukinipiga kama injini baridi inayokubali kuwaka. Sijui nilimwambia nini bwana wa shamba. Najua tu kwamba niliomba ruhusa nikiwa nimeshaanza kutembea.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepita pale dukani mara nyingi, kila nilipotumwa mjini, nikitazama gari moja kupitia dirishani. Bei yake niliijua kama jina langu, na mzee alikuwa na pesa zake kamili. Tulipoingia, gari lilikuwa lile lile, ila limepakwa rangi mbili na kutiwa mistari ya chuma king'aacho ubavuni. Karani wa duka, kijana wa Kihindi mwenye kalamu tatu mfukoni, akataja bei. Ilikuwa imepanda kwa thamani ya ng'ombe watatu. Nilihisi nimeibiwa na mtu ambaye hajanigusa.

"Imepandishwa na nini?" nikauliza.

Akafungua mlango kwa furaha. "Redio hii hapa! Saa! Hii inaleta joto. Hii ya kuwasha sigara."

"Mimi sivuti," akasema mzee. "Na ledio ya nini? Nyumbani kwangu kuna watu wa kuongea. Toa hivyo vyote, halafu taja bei tena."

"Haitoki, mzee. Inakuja hivyo kutoka kiwandani."

"Ati haitoki? Si ni kama kuuziwa ng'ombe na mtu akwambie razima ununue na kengele?"

Nilikuwa nimekasirika kuliko mzee. Huko viwandani, nilifikiri, watu wazima wanakaa mezani kushauriana, na shauri lao ni joto la miguu! Injini ni ile ile. Magurudumu ni yale yale. Kitu cha maana walichofanya mwaka mzima ni kuliteremsha tumbo la gari ili lipendeze, sasa kila jiwe la barabara ya Bumula lilikwaruze. Nililala chini pale pale dukani kulipima kwa kiganja, karani akiniomba niamke.

Lakini shida kubwa ilikuwa haijafika. Karani akarudi kwenye sifa zake. "Angalia ndani, mzee. Nafasi tupu! Mbele mpaka nyuma chumba kimoja."

Mzee akanigeukia. Mimi nikatazama dari.

"Chumba kimoja?" akauliza polepole.

"Kimoja kabisa!"

"Sasa ukuta uko wapi?"

"Ukuta gani?"

"Wa kumtenga huyu na mama."

Naapa sisi wote wawili tulikuwa tumesafiri mpaka hapo, yeye juu ya magunia na mimi juu ya ndoto zangu, bila kulifikiria jambo hilo. Katika Bumula yote dereva mwingine alikuwa mmoja tu, wa lori la pamba, na huyo alikuwa mlevi tangu Jumamosi hadi Ijumaa. Mwendeshaji ni mimi. Abiria ni mama mkwe. Na gari ni chumba kimoja.

Mzee akasema tujaribu. Akaniketisha kwenye usukani, yeye akaenda kukaa nyuma mahali pa mkewe, akajikunyata kama mama.

"Unaniona?"

"Sikuoni, baba, ila..."

Ila juu ya kioo cha mbele kulikuwa na kile kioo kidogo cha kutazama nyuma. Macho yetu yakakutana humo. Mzee alitoka garini kama aliyekaa juu ya siafu.

"Anamwona! Uso wote anamwona!" akamwambia karani, kana kwamba karani ndiye aliyenizaa. "Watu gani hawa wametengeneza kitu hiki?"

Karani maskini akaufunga mlango wa gari. Akatupeleka uani, ambako kulikuwa na gari la mwaka uliopita, lile lile nililolitazama dirishani. Halina redio wala saa, na bei yake ni ya zamani. Nilitaka kulikumbatia. Hilo nalo halikuwa na ukuta, lakini tumbo lake lilikuwa juu, na mzee akasema penye shuka hapakosi pazia. Kasoro ilikuwa moja tu. Mtu wa dukani alikuwa amefungia kioo kingine nje, kwenye mlango wa dereva, na bei ya kioo hicho ilikuwa imeongezwa juu.

"Hicho ukitoe," nikamwambia. "Kimoja ndani hakitoshi? Mtu wa kutazama nyuma hivyo, kwani ameiba?"

"Nikitoa itabaki matundu mlangoni," akasema. "Chukua na kioo ama acha."

Tukachukua. Njia nzima ya kwenda Bumula nililaani kioo kile. Huku naimba, huku nalaani. Mzee kando yangu alipungia mkono kila mtu, hata mbuzi. Nikaapa mbele ya mzee kwamba tukirudi Kitale nitakitoa kwa bisibisi yangu mwenyewe, matundu nitayaziba kwa nta, na kioo nitamrudishia karani akinywee chai.

Bumula walitupokea kwa vigelegele. Watoto walishika boneti, wakaungua, wakashika tena. Usiku nilimsikia mzee, kupitia ukutani, akimsimulia mkewe safari yote, hata kiapo changu cha kioo. Asubuhi yake mzee alifunga shuka jeupe la amerikani kutoka mlango hadi mlango, nyuma ya kiti cha mbele, akalikaza kwa misumari ambayo iliniuma roho mimi kuliko gari. Kisha akavua soksi yake na kukivisha kile kioo cha ndani. Mimi nikatumwa nyuma ya ghala mpaka mama aingie. Nikasikia kikohozi chake, nikasikia magoti yakilalamika, mlango ukafungwa. Walimweka nyuma ya mgongo wangu kabisa, ili hata nikigeuka nisimpate. Kuku wawili na kapu la unga wa wimbi vikawekwa kando yake, kwa kuwa bibi haendi kuona mjukuu mikono mitupu.

Basi tukaondoka. Tukafika Bungoma mjini. Hapo akamwambia mumewe, kwa sauti ya kunifikia mimi, "Mwambie dereva asiogope magoti yangu. Aendeshe." Mzee akaniambia. Nikaendesha! Mahindi yalipita pande zote mbili, watu walisimama na majembe yao, na nyuma ya pazia nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mama yule. Alikuwa anacheka peke yake, kicheko cha chini chini, akisitasita kila tulipoingia shimoni.

Mzee alisinzia kabla ya Kamukuywa. Tulipopita Kiminini, upepo wa mashamba makubwa ukaanza kuvuma, na mama akauliza, bila kumtaja mtu, kama bado ni mbali. Mzee anakoroma. Wa tatu hayupo. Nilipiga honi mara moja, fupi, na sijui alielewaje, ila nilisikia kioo cha dirisha kikiteremshwa nyuma yangu.

Nikatupa jicho nje kuangalia kama kuna lori linatupita. Nikaona uso.

Ulikuwa katika kile kioo changu cha mlangoni. Mama alikuwa ametoa kichwa dirishani, anatafuta Kitale. Upepo umemvua kitambaa, nywele fupi zina mvi, meno ya mbele chini yaling'olewa kwa mila, kama ya wazee wetu wote. Anacheka na machozi yanakimbilia masikioni. Nilipaswa kugeuza macho, na sikugeuza, kwa sababu uso ule niliujua. Paji lile la uso, na mkunjo ule mdogo katikati ya nyusi, nilikuwa nimeviacha kikapuni. Ndiye mwanangu mtupu, aliyezeeka.

Naye akatazama kiooni. Macho yetu yakakutana. Nilingoja ajifunike. Hakujifunika. Tulitazamana hivyo mpaka barabara ilipopinda na ikabidi nitazame mbele, na niliporudisha macho alikuwa amekwisha ingia ndani, anafunga kitambaa chake. Mzee akaamka, akauliza tumefika wapi. Nikamwambia tumekaribia, baba.

Shambani kwetu nilibaki nje, kama inavyotakiwa. Mke wangu alimpokea mama yake mlangoni, wakaingia. Nikatega sikio. Tangu jana yake sikuwa nimemwona mtoto, na hakuna aliyekuwa ameniambia kama ni mzima. Ili mikono yangu ipate kazi nikatoa bisibisi, nikaanza kuilegeza skrubu ya kwanza ya kile kioo, kama nilivyoapa.

Ndipo mtoto akalia, kwa nguvu, kilio cha mtu anayenyang'anywa haki yake. Mama akacheka kile kicheko cha garini. Kisha akaongea, akimwambia mjukuu, lakini kwa sauti ya kupita ukuta wa udongo hadi kwangu uani.

"Mwanangu, mwambie baba yako bibi amefika. Mwambie unaishi. Halafu mwambie kioo kile cha mlangoni asikitoe."

Nikaikaza ile skrubu hadi bisibisi ikateleza, nikaegemea mlango wa gari, nikalia kwa furaha.