Saa Iliyoacha Kung'aa

Placide alikuwa fundi saa ugenini, mtaa wa Fordsburg, meza yake mlangoni pa duka la vitambaa, lakini mwili tu ndio uliokuwa pale. Roho, aah, roho ilibaki kwao Likasi, alikofundisha kemia miaka kumi na minne. Akishika kibano tu, mawazo yanampeleka Paris, kwenye kibanda kinachovuja, ambako yule mama mwanasayansi na mumewe walikoroga mawe mpaka wakapata chembe ya radiamu, inayong'aa yenyewe gizani. Wateja walimwita mara tatu ndipo aitike. "Papa Placide, umeenda tena?" walimtania.

Mwaka 2011, Mama Marthe, msusi wa mtaa wa pili, alimletea saa ya marehemu baba yake. Ilitembea vizuri, ila alitaka namba zing'ae tena. "Mjukuu wangu Carmel halali bila kuisikia. Namwekea shavuni, kama papa alivyotuwekea sisi. Siku hizi anailamba, anaota meno."

Placide akaitazama. Kioo kimepasuka, rangi ya namba inapukutika.

"Mama, namba hizi zilipakwa rangi yenye radiamu. Iliyochoka ni rangi. Radiamu haijachoka. Inatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, gesi isiyoungana na kitu chochote, na kuivuta kunadhuru mapafu. Na huo unga, mtoto akiumeza, unakaa mifupani na kuiharibu. Usiirudishe nyumbani."

Mama Marthe alicheka, kisha akanuna. Nani asiyewajua mafundi saa? Unawaachia saa nzuri, unarudishiwa ganda.

"Eish! Sema tu unaitaka. Lete saa ya papa!"

Angempa, yaishe. Lakini jioni mtoto angeilamba tena, na Placide aliogopa kwelikweli. Akavua saa ya mkononi mwake, zawadi ya wanafunzi wake siku ya kuagana, akamwekea sikioni.

"Sikia inavyogonga. Mpe Carmel hii. Ya papa ifunge wewe mwenyewe kwenye kopo, andika jina lako, twende pamoja chuo kikuu tuwape wanaojua kuitunza."

Mwizi gani anayetoa saa yake? Mama Marthe akalifunga kopo, tepu juu ya tepu. Halafu akauliza taratibu, "Papa alikufa damu imemwishia. Ni hii saa?"

"Sijui, mama. Alifanya kazi gani?"

"Kuchimba, karibu na Likasi. Mawe meusi, mazito. Wazungu waliyapeleka kwao."

Placide akapigwa na butwaa. Miaka kumi na minne alifundisha jinsi mawe hayo yenye radiamu yalivyochemshwa Ulaya, asiwataje hata siku moja walioyachimba.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana."