Chuo kilichinja dume zima la Misungwi, wanachuo wakaomba maharage

Oya wakuu, sogeeni hapa! Wa kwenye kochi, wa kwenye foleni, na wewe unayejifanya uko kazini.

Ninayosimulia ni kweli tupu. Mkiona chumvi imezidi, mjue nilikuwa mpishi.

Na mimi kusoma nimejifunza ukubwani, kwa hiyo wale wazee wa kusahihisha herufi piteni kimya kimya.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa napika kwenye chuo kimoja kando ya ziwa, nje kidogo ya Mwanza. Jina silitaji, sitaki kesi uzeeni.

Jikoni tulikuwa wawili. Mimi na Bi Mwajuma, mama wa Mabatini, mdomo wake ungeweza kupasua kuni.

Jumatatu ugali maharage. Jumanne maharage ugali. Wale wanachuo walikula maharage mpaka nikiwaona wanapita kwenye mvua naogopa wataota.

Basi mkuu wa chuo akaenda semina Dar. Akarudi na maneno mapya. Soko huria! Mwanachuo sasa ni mteja, mteja abembelezwe.

Akaanza kwa kuwagawia raba za bure. Zote namba tisa. Binti mdogo wa Ukerewe anapewa namba tisa, anatembea kama anapiga kasia.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza, hivi hawa wakubwa wanapopanga zawadi huwa wanamuuliza nani?

Sasa semina hiyo hiyo ilimfundisha na kupunguza wafanyakazi. Jikoni abaki mpishi mmoja. Orodha aliandika mwenyewe kwa mkono wake. Bi Mwajuma alipopeleka chai ofisini akaiona mezani, akaja kunipa habari.

"Jina lako liko juu kabisa, baba. Limepigiwa na mstari."

Nyumbani nina watoto sita na mama mkwe anayekula kama watoto sita.

Siku mbili baadaye mkuu akaniita. Ijumaa anakuja mgeni kutoka makao makuu. Wanachuo watakula nyama, ng'ombe mzima, saa saba mchana.

"Ikienda vizuri, tutalitazama upya jina lako. Ikiharibika, usinilaumu."

Nikasema sawa mkuu. Ungesema nini?

Dume likatoka mnadani Misungwi. Wakuu, lile dume likikohoa mawimbi yanarudi nyuma. Akachinja mzee Hamisi, jirani yake Bi Mwajuma, maana kwetu mchinjaji huwa Mwislamu ili kila mtu ale.

Alipomaliza kufuta kisu akaniuliza, "Nyama yote hii ya mchana, unamlisha nani?"

"Wateja," nikamjibu.

Akacheka peke yake, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Nikapika. Ile harufu ilivuka maji, nasikia visiwani watu walitoka nje na sahani.

Bi Mwajuma kila saa, "Onja wewe, chumvi imekaa?" Naonja. "Onja tena." Naonja. Nikasema huyu mama leo kanipenda.

Saa saba nikagonga kengele, nikajibanza kwenye dirisha la kugawia. Nilikuwa na hamu ya kuona, mtu aliyekula maharage miaka miwili akikutana na nyama anafanyaje? Analia? Anaimba?

Wakaja nusu tu.

Wa kwanza alikuwa Kulwa, kiongozi wao, kijana mpole. Akatazama sufuria, akameza mate mpaka nikasikia.

"Shikamoo mpishi. Maharage hakuna?"

"Marahaba. Maharage ya nini na nyama hii hapa?"

"Leo Ijumaa ya Kwaresma, mpishi. Sisi Wakatoliki hatugusi."

Nyuma yake foleni nzima inatikisa kichwa. Nikamgeukia Bi Mwajuma. "Na wengine wako wapi?"

"Msikitini. Na wakitoka hawali, ni Ramadhani. Mimi mwenyewe nimefunga, au ulidhani nakuonjesha kwa mapenzi?"

Wakuu, mwaka huo Ramadhani na Kwaresma zilikuja zimeshikana mikono, na ndiyo kwanza zimeanza! Mimi kwetu tulifuata mambo ya mababu, hizo kalenda nilikuwa mgeni nazo.

"Sasa ulijua, mbona hukusema?"

"Nilijua. Nikadhani na mkuu anajua. Si kasoma yule?"

Na ziwa zima la samaki liko nyuma ya jiko! Sato amebakiza kidogo tu ajitumbukize sufuriani mwenyewe, sisi tumemfuata ng'ombe Misungwi.

Waliokula ni walokole na Wasabato, jumla tisa, na mbwa wa mlinzi.

Nikachungulia meza ya wakubwa. Mgeni alikuwa Alhaji, ndiyo kwanza katoka msikitini. Mkuu wetu ni Mkatoliki, msoma masomo kanisani. Sinia la nyama linafuka moshi katikati yao.

"Karibu, mheshimiwa."

"Nimefunga. Kula wewe."

"Hata mimi... leo..."

Wakatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja.

Mkuu akaja jikoni mbio, jasho linamtoka. "Umeniaibisha! Jumatatu nasaini ile orodha!"

Nikakaa juu ya gunia la mkaa. Ni Bi Mwajuma aliyeninyanyua.

"Simama. Nyama haijaoza. Nusu tuiunge mchuzi wa futari. Nusu ichemshe na chumvi uitundike moshini, watu wa Kwaresma wale kesho."

Jua lilipozama waliofunga wakafuturu nyama na mihogo. Alhaji akabaki, akala, akalegeza mkanda, akala tena. Mkuu kakaa pembeni anakunywa chai kavu.

Nitoe funzo langu hapa hapa, maana nikimaliza mtaanza kucheka. Ukitaka kumpa mtu zawadi, muulize kwanza. Na ukiona bosi anakosea, sema, usidhani anajua. Kazi ile niliifanya mpaka nikastaafu, na Bi Mwajuma pia. Na nyie mliosoma au kufanya kazi vyuoni, mlipewa zawadi gani za ajabu? Nataka kujua kweli, shusheni huko chini.

Sasa mwisho wake. Alhaji alipomaliza kunawa aliuliza mpishi ni nani. Mkuu akaninyooshea kidole, "Ni huyu, mheshimiwa. Yumo kwenye orodha ya kupunguzwa."

Alhaji akashangaa. "Huyu? Na aliyepanga nyama saa saba mchana, naye yumo kwenye orodha?"

Hata mbwa aliacha kutafuna.

Bi Mwajuma akadakia na sufuria mkononi:

"Hayumo, Alhaji! Huyo ndiye aliyeiandika!"