Jino la Juu

Sisi ni madaktari wa meno wachache wa Diani na Ukunda. Jumamosi moja ya kila mwezi hufunga kliniki zetu na kwenda kutazama meno ya watoto wa shule bila malipo. Mwenzangu mmoja hulalamika tangu tunapoondoka Kona ya Musa, hapa Ukunda, hadi tunapofika, lakini hajawahi kukosa.

Siku ile tulikuwa katika shule moja karibu na Taru. Watoto walipanga foleni, kila mmoja na mswaki mpya mkononi, wengine wameshaanza kuutafuna. Kati yao alikuwapo msichana wa darasa la tatu aliyevimba shavu hata jicho la kushoto limefumba. Nilipomtazama kinywani niliona gego la juu limeoza na ufizi umejaa usaha. Lilitakiwa kung'olewa siku ileile.

Tukamwita bibi yake, ndiye aliyekuwa akimlea. Alikuja na fimbo yake ya kuchungia mbuzi.

"Shikamoo, bibi. Mjukuu wako ana gego la juu limeoza, lazima ling'olewe leo."

"Marahaba, mwanangu. Lingekuwa la chini ningekwambia ng'oa. La juu sitaki. La juu limeshikana na mshipa wa jicho."

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimeza hasira, nikafungua kinywa changu, nikamwonyesha pengo la juu. Nikamwambia niling'olewa nikiwa mdogo kama mjukuu wake. Akachungulia kwa makini, kisha akanyoosha kidole kwenye miwani yangu.

"Na hiyo umevalishwa na nani?"

Wenzangu walicheka hadi nikaona haya. Ningecheka nami, ila mtoto alikuwa akiugulia maumivu kando yangu, kiganja shavuni. Tukampigia simu mama yake, mfanyakazi wa hoteli huku Diani. Akasema neno la mama yake ndilo lake.

Wenzangu wakaanza kupakia vifaa. Nikawaambia watangulie, mimi nabaki na gari langu na vifaa vyangu.

"Wewe huendi?" bibi akauliza.

"Siendi. Usaha huu ukipanda, jicho litakwenda kweli, na sitaki kuletewa habari hiyo nikiwa kwangu. Niruhusu ning'oe, nami nitalala kwako. Hali ikibadilika tutamkimbiza hospitali. Na jicho lisipofunguka, nitakuwapo hapa unitukane utakavyo."

Niliogopa, nakiri, kwamba atakataa.

"Utakula muhogo?"

"Nitakula."

"Basi ng'oa."

Nikamchoma ganzi, nikang'oa, nikasafisha usaha, nikampa dawa. Bibi alimshika mtoto mabega muda wote, huku akinikodolea macho mimi.

Asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua na jicho limefunguka kidogo. Bibi hakuridhika kwa kuliona tu. Alimkalisha mjukuu wake uani, akalifunika jicho la kulia kwa kiganja.

"Waona nini?"

"Namwona daktari. Amejifunga leso yako kiunoni."

Nilitaka kupiga kigelegele. Bibi aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka mbele yangu na kukaa. Kisha akafungua kinywa chake mwenyewe, akagusa gego la juu lililooza hadi kwenye ufizi.

"Hili laniuma tangu mama yake huyu hajaolewa," alisema. "Nilikuwa naogopa, mwanangu."

Nikaenda garini kuchukua dawa ya ganzi na koleo.