Siku Mwololo Alipoambiwa Anyamaze

Kwa miaka minne Mwololo alikuwa mdomo wa kibanda cha video cha Mama Shiko, kule Mutuini. Sinema ikiongea Kichina, yeye alishika maiki akaongea Kiswahili. Ikinyamaza, alijaza kwa umbea. Aliwahi kumpa jambazi wa Hong Kong shamba la sukumawiki na wake wawili, na hakuna aliyelalamika.

Kisha mvua ikamkimbizia ndani ya onyesho la sinema la bure Westlands, katikati ya watu wa miwani minene. Sinema ilimhusu mwanamke aliyerudi kutoka safari, na mumewe akaanza kushuku kwamba huyu si yeye. Hakuna bunduki. Mfereji wa maji jikoni tu, tone, tone. Mwololo alitoka akicheka peke yake kama aliyeokota mkoba, na hakutulia mpaka alipopata nakala ya kuonyesha kibandani.

"Ina mateke ngapi?" Mama Shiko akauliza.

"Hakuna."

"Sikiza basi. Watu wakitoka kabla iishe, Jumamosi zako nampa yule mtafsiri mwingine, Wachira."

Saa tisa alasiri kibanda kikajaa. Dakika ya kumi, mwanamke bado alikuwa anamenya viazi.

"Hii ni sinema ama ni somo la upishi?" akapaza Ndegwa, mchinjaji wa ng'ombe. Watu wakaangua kicheko. Wawili wakasimama.

Mwololo akaona Jumamosi zake zikiondoka nao. Akashika maiki, akafanya alichokijua. "Huyu mama, wapendwa, ni mke wa pili wa chifu, na leo..."

Mwanamke akaacha kumenya. Akalitazama dirisha, akatabasamu. Kwenye kioo cha dirisha, sura yake haikutabasamu.

"Nyamaza, Mwololo!" Ndegwa akanong'ona. "Atakusikia!"

Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo akiwa kazini. Alizima maiki, akakaa sakafuni, akauma kola ya shati asipige vigelegele. Kibanda kizima kilisikiliza mfereji. Wale wawili walisahau kwamba wamesimama. Ndegwa alikuwa ameng'ang'ania mkono wa jirani asiyemjua hata jina.

Ilipoisha, nje jua lilikuwa bado kali, lakini hakuna aliyetaka kutangulia mlangoni.

"Jumamosi ni zako," Mama Shiko akasema, akikaza leso kiunoni. "Lakini kwanza nisindikize choo. Na uongee njia yote, nijue ni wewe."