Skrubu ya Gari la Mazishi

Siku ya kumzika mama mkubwa Ivy, Edris Nobbs alilisikia gari la mazishi kabla hajaliona. Lilikuja likikohoa kama mbuzi aliyepaliwa na pumba. Lilipoingia uani kwake likafuka moshi mweusi, likatetemeka, likazimika lenyewe.

Aliyeshuka ni mjomba wake Fenton Quintal, mdogo wa marehemu Ivy. Kisiwa kizima cha Norfolk kilimwita Konokono, maana ndiye aliyewateremsha wafu wote hadi makaburini Kingston, kwa mwendo wa mtu atembeaye, waombolezaji wakimfuata nyuma kwa miguu. Katika miaka yote ya kazi hiyo gari halikuwahi kumzimikia njiani likiwa na jeneza. Fenton hakuwa mtu wa majigambo, lakini hilo alilisema popote.

"Mpwa wangu, linakufa kila nikipunguza mwendo," alisema. "Nikikanyaga mafuta linakwenda. Sasa nitakanyagaje mafuta na dada yangu yuko nyuma?"

"Limeanza lini?"

"Juzi. Si unajua meli ya petroli imeshindwa kushusha, bahari imechafuka? Nikasema nilipunguzie ulaji, petroli ifike siku ya Ivy. Nikakaza ile skrubu ya mafuta kidogo. Likazidi kunywa! Nikakaza tena. Linakunywa tu, kama baharia aliyepokea mshahara."

Edris akauma mdomo asicheke. Alikwisha kujua kosa liko wapi. Akafungua boneti.

Jirani yake Dulcie, aliyekuwa akifunga maua ya mazishi barazani ng'ambo ya barabara, alivuka na ndoo yake mkononi ili asipitwe na neno. "Konokono, mzoea punda hapandi farasi," alisema. "Nimwambie kijana wangu alete pikapu?"

"Pikapu ukabebee viazi vyako!" Fenton alifoka. "Ivy mwenyewe alisema. Pikapu imempeleka shuleni, imempeleka shambani, imempeleka na harusini. Kaburini hapelekwi na pikapu."

"Basi litengenezeni. Mchana hausubiri mtu."

Edris alikuwa anafungua plagi. Ya kwanza ilitoka nyeusi kama tako la sufuria, na nyingine zote vivyo hivyo. Akazisugua kwa brashi ya waya moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayeosha vikombe vya wageni.

Spana ya kwanza kushika maishani alipewa na mjomba huyu huyu, chini ya magari ya kabureta, angali msichana wa shule. Kisha akaenda Brisbane, akaingia gereji moja ambako wanaume walimpa ufagio. Magari ya sindano za petroli, yasiyo na kabureta, yalipoanza kuletwa pale, mafundi wakubwa waliyazunguka kama watu waliokuta nyoka jikoni. Edris hakuwa na heshima ya kupoteza, akayafungua. Alirudi kisiwani ameota mvi za kwanza, akaweka kibao chake barabarani, na tangu hapo alikuwa na desturi moja: hasemi gari limepona mpaka limepona, na akisema limepona, harudii.

Alirudisha plagi, akawasha, akauvuta waya wa mafuta kwa mkono injini isizime mpaka ilipopata moto sawasawa. Ikiwa baridi, injini huomba petroli ya ziada, na atakayeipima wakati huo atadanganyika. Feni ilipoanza kuzunguka, akauachia waya. Injini ikayumba, ikapiga chafya, ikaanza kufa.

"Unaona? Hivyo hivyo!" alisema Fenton.

"Mjomba, sogea hapa. Angalia mkono wangu."

Akafungua kifuniko cha oili juu ya injini. Hewa ikavutwa kupitia tundu lile, na injini iliyokuwa inakata roho ikasimama wima, ikanguruma laini. Akakirudisha kifuniko. Ikaanza kukohoa tena. Akakifungua. Ikatulia.

Fenton akainama juu ya tundu lile. "Inataka hewa," alisema polepole.

"Inataka hewa."

"Lakini mimi nilipunguza mafuta."

Edris akamwonyesha kisanduku cha alumini kilichokaa baada ya chujio la hewa. "Humu ndani mna kibao chenye bawaba. Hewa ikiingia inakisukuma, na kinavyofunguka ndivyo injini inavyojua inyunyize petroli kiasi gani. Sasa pembeni kuna kijia kidogo. Hewa inayopita huko haipimwi, inaingia bure. Skrubu uliyoikaza ndiyo mlango wa kijia hicho. Kwenye kabureta zako, ukikaza unabana petroli. Hapa ukikaza unabana hewa, petroli inabaki ile ile."

"Kwa hiyo nimeiziba pua."

"Umeiziba, mjomba. Halafu ukaiziba tena."

Dulcie akacheka mpaka maji ya ndoo yakamwagika. Fenton naye, masikini, akajikuta anatabasamu. "Ivy angekuwapo, ningekoma leo."

Edris akachukua kijispana chembamba kilichopinda, akakiingiza kwenye tundu la skrubu, akalegeza kidogo. Akangoja. Akalegeza tena, akangoja. Ngurumo ilianza kukusanyika, kama watu wanaoimba wakipata sauti moja. Aliendelea mpaka injini ikasita kwa njaa, ndipo akarudisha nyuma kiasi cha unywele. Kisha akaisawazisha kasi yake kwa skrubu nyingine. Mwisho akafungua tena kifuniko cha oili. Safari hii injini ilinung'unika, haikutaka hewa ya mtu.

"Imeshiba," alisema, akapangusa mikono. "Limepona."

Fenton hakuingia garini. "Endesha wewe leo," alisema kwa sauti ya chini, Dulcie asisikie. "Mimi mkono wangu umeharibu."

"Mimi ni fundi. Dereva wa Ivy ni wewe. Nimesema limepona."

Mchana, kisiwa kizima kilikuwa nyuma ya gari lile. Edris alitembea karibu na taa za nyuma, Dulcie ubavuni pake na shada lake. Moshi mweusi haukuonekana. Waliteremka hadi kwenye kona, na hapo ng'ombe watatu walikuwa wamesimama katikati ya barabara wakicheua. Ng'ombe wa Norfolk hawapigiwi honi, hata na maiti. Fenton akasimama, na msafara wote ukasimama nyuma yake.

Kimya kikaingia, ikabaki injini peke yake.

"Ikizima hapa," Dulcie alinong'ona, "naleta pikapu."

"Haizimi."

"Yule wa madoadoa analala!"

"Mwache alale. Haizimi."

Ng'ombe hakulala. Alitazama gari, akaona halina neno naye, akaondoka, na wenzake wakamfuata. Fenton alinyanyua kidole kutoka kwenye usukani kuwasalimu, kama anavyosalimiwa kila apitaye barabara ile, akaachia breki.

Walifika makaburini, bahari ikipiga ukuta. Vijana wakashusha jeneza, wakalibeba mabegani. Fenton alibaki kwenye kiti chake mpaka Ivy alipofika ukingoni mwa kaburi. Hapo akanyoosha mkono, akaizima injini mwenyewe.